Kipima muda cha darasa la mazoezi: kabla ya kutafuta chenye kelele zaidi

Kipima muda cha darasa la watu ishirini kina kazi mbili ambazo saa ya jikoni haiziwezi: kujianzisha upya bila kuguswa, na kusikika hadi kona ya mwisho muziki ukiwa unaendelea. Kazi ya kwanza ni rahisi. Ya pili ndiyo inayowapotezea walimu fedha, maana wengi hununua kwa kuangalia namba ya desibeli, yaani kipimo cha ukubwa wa sauti, iliyoandikwa kwenye boksi.

Namba hiyo haina maana bila umbali. Vipaza mlio vidogo vya piezo, vinavyopatikana ndani ya vipima muda vingi, mara nyingi hupimwa sentimita 10 tu kutoka kwenye tundu la sauti. Mahali pasipo na kuta, kila umbali unapoongezeka maradufu sauti hupungua kwa desibeli 6 hivi. Kutoka sentimita 10 hadi mita 10 ni mara 100, yaani upungufu wa desibeli 40. Kile kifaa cha desibeli 100 kinamfikia mtu wa mstari wa nyuma kikiwa na 60, sawa na watu wanaoongea kawaida. Ndani ya ukumbi kuta hurudisha sauti kiasi na upungufu huwa mdogo kuliko huo, ila muziki nao hunufaika na kuta hizohizo.

Sasa tuseme muziki uko kwenye desibeli 90. Ili mlio usikike bila shaka, uuzidi muziki kwa 10 hadi 15. Umeshafika 100 hadi 105. NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, inapendekeza kikomo cha desibeli 85 kwa saa 8 kazini, na kila desibeli 3 zinazoongezeka hukata muda huo nusu. Kwenye 100 zimebaki dakika 15. Milio ni mifupi, kweli, lakini mwalimu anayefundisha madarasa manne kwa siku anaipata yote. Ndiyo maana msimamo wangu ni mmoja: mlio upite kwenye spika ileile ya muziki, na muziki ushuke mlio unapolia.

Njia nyepesi ni programu ya simu. Chagua inayokuruhusu kupanga muda wa kazi, muda wa mapumziko, idadi ya raundi na mapumziko marefu kati ya seti, kila kimoja peke yake. Tafuta pia mpangilio wa kupunguza muziki wakati wa mlio. Baadhi ya programu huusimamisha kabisa, na darasa hupoa. Kisha funga milango ya hitilafu. Simu ikiingia hukata mlio, kwa hiyo washa hali ya ndege na uwashe tena Bluetooth, au tumia waya. Kwenye Android, uokoaji wa chaji unaweza kuiua programu skrini ikizimika, basi itoe kwenye orodha ya programu zinazobanwa. Sauti ya midia na sauti ya simu kuita ni vidhibiti viwili tofauti. Kupandisha kimoja hakupandishi kingine.

Spika za Bluetooth zina tabia moja inayosumbua sana. Kukiwa kimya kwa muda, baadhi yake hulala ili kutunza betri, na mlio wa kwanza humezwa wakati spika inaamka. Darasa lisilo na muziki hulikuta tatizo hili kila raundi. Dawa yake ni kuacha sauti ya chini sana ikicheza mfululizo, au kuunganisha kwa waya.

Mimi napendelea zaidi kutengeneza faili moja la sauti la kipindi kizima. Halina arifa, halina skrini ya kuzimika, na hata kicheza muziki cha zamani hulicheza. Kwenye Audacity, programu ya bure ya kuhariri sauti kwenye kompyuta, mpango wa sekunde 40 za kazi na 20 za mapumziko huenda hivi. Tengeneza kipande cha sekunde 60. Sekunde ya 0 weka mlio mrefu wa hezi 1500 (hezi zikiwa nyingi, sauti huwa nyembamba zaidi), sekunde moja nzima: anza. Sekunde ya 40 weka mlio mrefu wa hezi 750: simama. Sekunde za 57, 58 na 59 weka milio mifupi ya robo sekunde. Rudia kipande hicho mara 9 zaidi upate raundi 10. Mwanzoni ongeza sekunde 10, tatu za mwisho zikiwa na milio mifupi. Mwisho wa faili futa ile milio mitatu ya kuhesabu, la sivyo utaona nusu ya darasa inaanza raundi ya 11. Muziki ukiuweka humohumo, ushushe kwa desibeli 12 hivi nusu sekunde kabla ya kila mlio.

Usitengeneze dakika moja ya MP3 na kuiachia kicheza muziki ijirudie. MP3 huongeza kimya kidogo mwanzoni na mwishoni mwa faili, na muda husogea polepole raundi hadi raundi.

Kwa nini 1500 na 750? Sikio husikia vizuri zaidi karibu na hezi 3000, lakini usikivu wa sauti nyembamba ndio hupungua kwanza kadiri umri unavyosogea, na matoazi ya muziki yamejaa hukohuko juu. Chini ya 500 spika ndogo huchoka. Milio miwili tofauti humwambia mtu aliyelala kifudifudi kama aanze au aache, bila kuinua kichwa. Kwa Tabata, sekunde 20 za kazi na 10 za kupumzika mara 8, tofauti hiyo ni ya lazima, maana mapumziko ni mafupi mno kuanza kuuliza.

Saa ya ukutani yenye taa na rimoti ni nzuri kwa macho, na kwa mshiriki asiyesikia vizuri ndiyo msaada mkubwa. Mlio wake usiutegemee, isipokuwa ina tundu la kuchomeka waya wa spika. Kipima muda kidogo cha kubana kiunoni chenye mtetemo kinamfaa mwalimu anayepuliza filimbi mwenyewe.

Jaribio lifanyike muziki ukiwa kwenye kiwango cha darasa, wewe ukiwa kona ya mbali zaidi, unaruka na kuhema. Ukisimama tuli utadanganyika. Uwanjani rudia jaribio hilo ukiwa upande upepo unakotokea, kwa sababu huko ndiko mlio hufika kwa shida zaidi. Ukiukosa, isogeze spika huko au weka ya pili kabla ya kugusa kitufe cha sauti.