Vioo viwili dirishani: kinachozuia joto ni hewa iliyofungiwa katikati

Usiku wa baridi, lisogelee dirisha la kioo kimoja na uweke kiganja karibu na kioo bila kukigusa. Utahisi ubaridi, na wengi hudhani ni upepo unaopenya kwenye nyufa. Mara nyingi sivyo. Hewa ya chumbani ikigusa kioo hupoa, huwa nzito na kuporomoka hadi sakafuni, huku mwili wako nao ukipoteza joto kuelekea kwenye kioo hicho. Ndiyo maana mtu huketi kando ya dirisha akijikunyata ilhali kipimajoto ukutani kinaonyesha nyuzi 20.

Kuweka kioo kinene zaidi hakusaidii sana, kwa sababu kioo chenyewe hupitisha joto upesi. Kinachozuia joto ni hewa iliyotulia. Vioo viwili huachiwa nafasi katikati, kwa kawaida milimita 12 hadi 16, kisha kingo zote huzibwa kabisa. Nafasi ikiwa finyu mno, joto huvuka kirahisi. Ikiwa pana mno, hewa huanza kuzunguka na kulibeba. Viwanda vingi hujaza humo gesi ya agoni, inayopitisha joto kidogo kuliko hewa, na kupaka uso mmoja wa kioo utando wa metali mwembamba usioonekana, ambao hulirudisha joto lilikotoka.

Kwa kila mita ya mraba, na kwa kila nyuzi moja ya tofauti kati ya ndani na nje, kioo kimoja hupitisha takriban wati 5.7. Vioo viwili vyenye hewa tu hupitisha 2.8 hivi, vyenye agoni na utando, karibu 1.1.

Lakini mimi huanza na suala la unyevu kabla ya bili ya kupasha nyumba joto. Nje kukiwa nyuzi 0 na ndani 20, uso wa ndani wa kioo kimoja huwa na nyuzi 5 tu, na wa vioo viwili vya kawaida karibu 13. Hewa ya chumba yenye unyevu wa asilimia 50 huanza kuacha umande ikigusa kitu cha nyuzi 9. Basi kioo kimoja kitaamka kikitiririka maji, mbao za fremu zitavimba, na kuvu jeusi litaota pembeni. Nyumba yenye mtoto wa pumu haipaswi kuvumilia hali hiyo. Hata hivyo, dirisha jipya huziba nyufa zilizokuwa zikiingiza hewa, kwa hiyo weka matundu ya hewa, la sivyo unyevu utahamia kwenye kuta.

Kelele nazo hupungua, hasa vioo vikitofautiana unene, kwa mfano milimita 6 na 4, maana vya unene mmoja hutetema kwa pamoja. Jua kali ni jambo jingine: vioo viwili vitupu huingiza sehemu kubwa ya joto lake, hivyo panapochoma agiza utando wa kuzuia jua au weka kivuli kwa nje.

Kabla ya kuagiza, fundi apime kina cha mfuo wa fremu ya zamani, yaani mfereji unaoshika kioo, na akague bawaba. Kioo cha milimita 4 kina uzito wa kilo 10 kwa mita ya mraba, kwa hiyo viwili ni kilo 20. Fremu ambayo bado ni imara lakini haina nafasi ya kutosha kwa vioo viwili inaweza kubaki, ukaongeza dirisha la pili upande wa ndani. Ukungu ukitokea katikati ya vioo, usihangaike kufuta: kizibo cha kingo kimevuja, na vioo hivyo hubadilishwa.

Siku ya kukabidhiwa kazi, washa kiberiti mbele ya kioo usiku. Utaona miali minne imeakisiwa. Ikiwa mmoja una rangi tofauti na mingine, utando uliolipia upo. Ikifanana yote minne, mwambie fundi asiondoke kwanza.