Kabla ya kumnyonya makohozi, sikiliza kifua

"Sista, kwa nini umemnyonya mgonjwa sasa hivi?"

"Saa mbili zimetimia, mwalimu."

Jibu hili nalisikia karibu kila ninapopokea wauguzi wapya wa ICU, chumba cha wagonjwa mahututi, na hapo ndipo ninapoanzia. Saa ya ukutani haijui kama mrija wa kupumulia, ule uliopita kooni mwa mgonjwa, una makohozi. Weka stetoskopu kifuani usikie mkoromo. Tazama mashine ya kupumulia: je, mchoro wa hewa umeota meno kama ya msumeno, au shinikizo limepanda? Oksijeni kwenye monita inashuka? Usipoona wala kusikia chochote, mwache apumzike.

Maana kunyonya kuna gharama yake. Katheta, yaani kimrija chembamba cha kunyonyea, haichagui, huvuta makohozi pamoja na hewa. Vifuko vya hewa husinyaa, oksijeni hushuka, na ncha ikichokoza njia ya hewa mapigo ya moyo yanaweza kupungua ghafla. Ndiyo maana kwanza tunampa oksijeni ya asilimia 100 kwa sekunde 30 hadi 60, kisha katheta haikai ndani zaidi ya sekunde 15. Tukifanya mazoezi kwenye mdoli, nawaambia wabane pumzi zao tangu katheta inapoingia. Baada ya hapo sihitaji tena kumhimiza mtu aitoe.

Unene wa katheta huwachanganya wengi. Isizidi nusu ya upana wa ndani wa mrija. Namba ya katheta gawanya kwa 3, utapata milimita zake. Hivyo mrija namba 8, yaani wenye upana wa ndani wa milimita 8, mwisho wake ni katheta namba 12. Na ile desturi ya kumimina maji ya chumvi mrijani kila mara tumeiacha, kwani huweza kushusha oksijeni. Makohozi hulainishwa na hewa yenye joto na unyevu.

Puto la mrija, lile linalojazwa hewa kuziba nafasi kati ya mrija na ukuta wa njia ya hewa, lipimwe shinikizo kwa kipimo chake, sentimita 20 hadi 30 za maji. Kulibonyeza kwa vidole hakutoshi: likilegea, mate huteremka mapafuni, likikaza mno, ukuta wa njia ya hewa hukosa damu.

Halafu zungumza naye. Hawezi kukujibu, mrija umepita katikati ya nyuzi za sauti, lakini huenda anakusikia hata akiwa na dawa za usingizi. Mguse bega: "Shikamoo mzee. Nataka kukutoa makohozi, utakohoa kidogo, niko hapa."