Mhisani, mfadhili na mshirika wa maendeleo

Juzi nimesikia tena redioni: "wahisani wametupatia msaada wa mkopo nafuu." Msaada wa mkopo! Nimevumilia miaka, lakini hili la juzi limenikalisha niandike.

Ushirikiano wa maendeleo ni utaratibu ambao nchi tajiri na nchi zinazoendelea hukubaliana sera na kuzigharamia: kwa ruzuku, kwa mikopo ya masharti nafuu, kwa wataalamu, pengine kwa kufuta madeni. Mwaka 1970 Umoja wa Mataifa uliweka lengo kwamba nchi tajiri zitoe asilimia 0.7 ya pato lao, na ni chache zilizolifikia. Basi. Utata uko kwenye majina.

Mhisani ametokana na ihsani, neno la Kiarabu la kutenda wema. Ndiyo maana gazeti likipewa picha na mtu huandika "kwa hisani ya". Mfadhili ni jirani yake wa karibu: fadhila asili yake ni ziada, kile kinachomzidi mwenyewe akaamua kukupa. Kwa wote wawili mpokeaji hana la kudai, ana shukrani tu. Mshirika ni wa ukoo mwingine kabisa. Kushiriki ni kuwa na fungu katika kitu kimoja, faida yake na hasara yake. Watu wawili wenye mashua moja ni washirika. Ikizama wamepoteza wote, na kila mmoja ana haki ya kumwuliza mwenzake hesabu.

Tanzania haikulichukua neno hili kwa adabu tu. Katikati ya miaka ya 1990 Serikali na nchi wahisani walikuwa wamegombana vibaya: wahisani wakilalamikia kodi zisizokusanywa, Serikali ikilalamikia kuendeshwa ndani ya nyumba yake. Denmark ikagharamia jopo huru chini ya mchumi wa Kanada, Gerald Helleiner, na ripoti yao ya 1995 ilizinyoshea kidole pande zote mbili. Kutoka hapo ndipo tulipofika kwenye Azimio la Paris la 2005, lililotaka nchi inayopokea imiliki mipango yake na pande zote ziwajibike, kisha MPAMITA, mkakati wa pamoja wa misaada wa 2006. Kumwita mtu mshirika kulikuwa na maana ya kumwambia: na wewe utaulizwa. Sidai kwamba jina limetimia. Mwaka 2014, sakata la Escrow, lile la fedha zilizochotwa kwenye akaunti maalumu Benki Kuu, lilipozuka, washirika hao walizuia fedha za bajeti, na kila mtu akaona ufunguo uko mfukoni mwa nani. Hata hivyo tukirudi kuwaita wahisani, tunalisamehe hata lile deni la kuulizana.

Halafu mkopo. Fedha za IDA, mfuko wa Benki ya Dunia kwa nchi maskini, sehemu kubwa ni mikopo ya miaka mingi yenye gharama ndogo. Unafuu huo ni wa kweli, lakini mwisho wake ni kulipa. Reli ya TAZARA, kilomita 1,860, wengi huiita zawadi ya Wachina. Ilijengwa kwa mkopo usio na riba. Azimio la Arusha la 1967 lilitenganisha zawadi na mikopo, likaonya kwamba kutegemea vyote viwili kunahatarisha uhuru wetu. Wakulima na wafanyakazi waliosomewa lile Azimio walielewa tofauti hiyo bila shahada ya uchumi.

Kwa hiyo, ndugu mtangazaji, na wewe mshereheshaji wa uzinduzi wa kisima: kabla hujashika kipaza sauti, muulize mhasibu wa mradi kama fedha zile zitarudishwa. Zikiwa hazirudi, mwite mfadhili, na umshukuru kwa moyo wote. Zikiwa zinarudi, sema "tumekopa", na utaje ni miaka mingapi, maana wale watoto waliokaa mstari wa mbele na ndoo zao ndio watakaolipa.