Bahati nasibu ya taifa: tiketi ya buku inalipia nini, na nani hasa analipa

Watu wengi huku kusini mwa Tanzania, Mtwara na Lindi, wanauliza, hivi serikali kuruhusu bahati nasibu ili ipate hela za huduma ni sawa kweli, na hizo hela zinazosemwa zitasaidia hospitali na shule zitafika Nanyumbu na Liwale au ndo zitaishia hukohuko juu. Mimi ni mtu wa fedha za umma, kazi yangu chuoni ni kufundisha vijana namna serikali inavyokusanya hela na inavyozitumia, kwa hiyo nitajibu upande huo wa hesabu. Upande wa dini una wenyewe na nauheshimu, kwa ndugu zetu wengi wa pwani hii kamari ni haramu na hapo hakuna cha kujadili.

Kisheria jambo hili si jipya. Sheria ya bahati nasibu ya taifa ilikuwepo tangu 1974, wazee wanakumbuka, alafu ikaja Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya 2003 iliyounda Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, na bodi hiyo ndo inatoa leseni kwa kasino, kwa makampuni ya kubeti, kwa mashine za sloti na kwa bahati nasibu ya taifa. Serikali yenyewe haikai dirishani kuuza tiketi, inampa kampuni leseni ya miaka kadhaa, kampuni inauza, inachezesha droo, inalipa washindi, na serikali inachukua fungu lake. Ya sasa hivi wamepewa kampuni ya ITHUBA, ambao kwao Afrika Kusini walianza kuendesha bahati nasibu ya taifa 2015. Kwa hiyo mjadala wa tuhalalishe au tusihalalishe kwetu umeshapita, umebaki ule wa hela, na huo ndo mkubwa.

Tuichukue hiyo tiketi ya buku, yaani shilingi elfu moja. Kwenye bahati nasibu nyingi duniani karibu nusu ya mauzo inarudi kwa washindi, inayobaki anagawiwa aliyekuuzia, kampuni inayoendesha, na serikali au mfuko wa miradi. Uingereza walipoanza yao 1994 walipanga kama senti 28 katika kila paundi ziende kwenye miradi ya jamii. Sasa mtu akikwambia nanunua tiketi nachangia zahanati yetu, muulize, kwa mgawanyo kama huo si zahanati inapata mia mbili na kitu tu kwenye buku yako? Ukitaka kuchangia zahanati peleka buku nzima kwenye kamati ya zahanati, upewe risiti, umemaliza.

Na kushinda kwenyewe je? Droo ya kuchagua namba 6 kati ya 49, ambayo inatumika nchi nyingi, ina michanganyiko 13,983,816, na jakipoti ni mmoja tu kati ya hiyo. Mtwara na Lindi tukijumlisha, kwa sensa ya 2022, hatufiki watu milioni 3. Maana yake hata kila mmoja wetu, kuanzia kichanga aliyezaliwa jana hospitali ya Ligula mpaka babu wa Kilwa Kivinje, anunue tiketi moja na hakuna aliyerudia namba za mwenzake, bado uwezekano wa jakipoti kuangukia mikoa yetu yote miwili ni kama mara moja kwenye droo tano. Mikoa miwili mizima! Sasa wewe peke yako na tiketi yako moja pale Masasi stendi fikiria mwenyewe upo wapi.

Lakini kinachonisumbua zaidi ni nani analipa. Bahati nasibu ukiiangalia vizuri ni kodi, tofauti yake ni kwamba unailipa kwa hiari na kwa matumaini. Kodi ya mshahara imepangwa kwa ngazi, mwenye kipato cha chini kabisa halipi na anayepata zaidi asilimia yake inapanda, bahati nasibu inakwenda kinyume kabisa na hapo. Marekani, ambako jimbo la New Hampshire lilianza hii ya kisasa 1964 na majimbo mengi yakafuata, utafiti umefanyika miaka mingi na jibu linajirudia, kwamba watu wa kipato cha chini wanatoa sehemu kubwa zaidi ya kipato chao kuliko matajiri. Georgia wakaanza 1993, hela ikawa inalipia watoto masomo ya chuo na wanafunzi wengi wamesoma kwa hela hiyo, hilo ni jema na lisemwe, ila watafiti walipoangalia nani ananunua tiketi na mtoto wa nani anapata ufadhili wakaona wanunuzi wakubwa ni familia za chini na wanaonufaika zaidi ni watoto wa familia zenye nafuu, kwa sababu ufadhili ulitolewa kwa alama za darasani. Maskini anamlipia ada mwenye nafasi. Sitaki kuona hilo likitokea Tandahimba.

Kwetu kuna na suala la msimu. Kila anayeuza kitu huku, awe wa pikipiki, wa bati au wa vitenge, anajua minada ya korosho inaanza Oktoba na lini hela za AMCOS, vyama vya ushirika vya wakulima, zinaingia kwenye akaunti za wakulima. Muuza tiketi naye atajua. Kwenye miezi hiyo mtu anaweza kutoa buku tano bila kuhisi kitu, shida ni Februari na Machi, korosho imeisha, mahindi hayajakomaa, hapo ndo mtu anakimbilia kwenye kangomba anauza mazao ambayo hata hayajatoka kwa bei ya kutupa, na mtu aliyebanwa hivyo ndo mwepesi sana kuamini kwamba tiketi itamtoa. Kijana anayebeti kila wikiendi mkeka unachanika kila wikiendi, ukimuongezea na droo ya kila siku kwenye simu humo humo anapotumia kulipa umeme, hujampa burudani, umemuongezea tundu la kutolea hela.

Sasa nije kwenye hela ikishafika serikalini, na hapa naomba msomaji wa kusini avute kiti maana sisi tuna uzoefu ambao mikoa mingine hawana. Eksipoti levi ya korosho ghafi, yaani ushuru wa kuisafirisha nje, kwa miaka, asilimia 65 ilikuwa inaenda kwenye kuendeleza zao, dawa ya salfa, miche, utafiti pale Naliendele, na 35 inaenda Hazina. Mwaka 2018 sheria ikabadilishwa, yote ikaingia Mfuko Mkuu wa Serikali. Wabunge wa kusini walipiga kelele bungeni mpaka sauti zikakauka lakini ikapita. Miaka iliyofuata serikali ikarudi kugharamia pembejeo kwa ruzuku na wakulima wakapata salfa, vizuri, ila funzo la kifedha pale ni kubwa, kwamba hela iliyotengwa kwa kazi maalumu inaweza kutenguliwa na kifungu kimoja tu kwenye sheria ya fedha ya mwaka.

Na kuna njia ya pili ambayo hata sheria haibadilishwi. Chukulia wizara ya afya ilikuwa inapewa bilioni 100, bahati nasibu ikaleta bilioni 10 (namba hizi ni za mfano tu), serikali ikasema afya imepata hela za bahati nasibu basi kutoka mfuko mkuu tuwape 90. Kwenye makaratasi bahati nasibu imechangia afya bilioni 10, kila tiketi ina picha ya mtoto anachanjwa, na wodi haina hata kitanda kimoja zaidi ya mwaka jana. Majimbo kadhaa ya Marekani yalilaumiwa hivyo hivyo kwa upande wa elimu. Uingereza waliliona mapema wakaweka kanuni kwamba hela ya bahati nasibu iwe nyongeza juu ya bajeti, na taasisi zinazogawa hela zinatakiwa kueleza kwenye ripoti ya mwaka zimeifuataje kanuni hiyo, na hata wao ilipofika 1998 wakafungua mfuko wa kupeleka hela hizo kwenye afya na elimu wakosoaji walilalamika kwamba serikali inajipunguzia mzigo wake.

Afrika Kusini nao wana lao la kutufundisha. Kule tume ya bahati nasibu ilikuwa inatoa ruzuku kwa vikundi vya jamii, na kitengo maalumu cha uchunguzi cha serikali kilipoingia kikakuta nyumba za wazee na miradi mingine imelipiwa na haijakamilika, hela imepita kwenye vikundi vya mfukoni. Droo zilichezeshwa na washindi wakalipwa, wizi ulikuwa kwenye kugawa.

Hapa kwetu tayari kuna mifano ya kutenga. Tangu bajeti ya 2021 sehemu ya kodi ya kubeti matokeo ya mechi ilielekezwa Mfuko wa Maendeleo ya Michezo, na Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 imeweka michezo ya kubahatisha kati ya vyanzo vya kuwalipia wasio na uwezo. Hiyo ya bima mimi naiunga mkono waziwazi, kwa sababu inamrudia yuleyule maskini aliyenunua tiketi, mama wa Mnazi Mmoja Lindi anapelekwa hospitali ya Sokoine anatibiwa bila kuuza kiwanja. Masharti yangu ni kwamba bajeti ya kawaida ya afya isipunguzwe hata shilingi kwa kisingizio hicho, na hela iliyopatikana na iliyotoka ibandikwe wazi kwa kila halmashauri, tujue Newala imenunua tiketi za kiasi gani na kaya ngapi za Newala zimelipiwa bima. Matangazo nayo yapunguzwe msimu wa malipo ya korosho, na tiketi isiuzwe kwa mkopo kwa njia yoyote ile. Chini ya miaka 18 sheria imeshakataza, ila nani anakagua vibanda?

Kwa hiyo diwani akija kwenye mkutano wa kijiji, mbunge akija, msimuulize kama bahati nasibu ni nzuri au mbaya, atawajibu kwa hotuba. Muulizeni mwaka jana fungu la afya la wilaya kutoka serikali kuu lilikuwa kiasi gani, mwaka huu ni kiasi gani, na ya bahati nasibu ni ipi kati ya hizo. Ripoti za CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, zinawekwa wazi kila mwaka zikishafika bungeni, kijana yeyote mwenye simu anaweza kuzifungua akawasomea wazee.

La mwisho ni la haraka kwa sababu watu wanaibiwa. Ukipata meseji kwamba umeshinda, tuma kwanza elfu kadhaa za kufungulia zawadi au za kodi, huo ni wizi, hasa kama hujawahi kununua tiketi. Kodi ya ushindi inakatwa kwenye zawadi yenyewe kabla hujaipokea, mshindi hatumi hela kwa mtu. Mwambieni na bibi.