Mashirika ya umeme ya umma Marekani: nani huyadhibiti?

Shirika la umeme la umma, kwa maana inayotumika Marekani, ni lile linalomilikiwa na mji, kaunti au wilaya maalumu ya umeme, wala si la wanahisa. Yapo takribani 2,000, mengi ya miji midogo, ingawa Los Angeles na Seattle nazo zina ya kwao. Kwa jumla huhudumia mteja mmoja hivi kati ya saba.

Kampuni ya wanahisa haipandishi bei mpaka tume ya jimbo ikague gharama zake na kuamua faida inayostahili. Shirika la umma, katika majimbo mengi, halipiti huko. Bei hupangwa na baraza la mji au bodi, mara nyingi ya kuchaguliwa kwa kura, katika vikao vya wazi. Hoja ni kwamba hakuna anayesubiri gawio, na anayelipa bili ndiye mpiga kura. Wisconsin haikuridhika na hoja hiyo: huko hata shirika la manispaa hupeleka bei zake kwa tume.

Kura hizo si pambo. Juni 1989 wapiga kura wa Sacramento walikataa kinu cha nyuklia cha Rancho Seco, mali ya shirika lao la SMUD, kiendelee kufanya kazi. Kikafungwa.

Serikali kuu nayo imejiweka kando kwa sehemu kubwa. Kifungu 201(f) cha Sheria ya Umeme ya Shirikisho huyatoa mashirika haya katika mamlaka mengi ya FERC, tume ya nishati ya taifa. Lakini sheria ya mwaka 2005 iliyaingiza kwenye viwango vya uthabiti wa gridi, na sheria ya hewa safi huyabana kama wengine. Moshi hauulizi mtambo ni wa nani.

Panapovuja ni mpakani. Nyaya huvuka mpaka wa mji, kura haivuki. Mteja wa nje hulipa bei iliyopangwa na baraza asilolichagua, na pengine sehemu ya fedha zake huenda kwenye bajeti ya mji asioishi. Texas huwaruhusu wateja hao kukata rufaa kwa tume ya jimbo wakifikisha saini za kutosha. Wateja wa Austin Energy, shirika la umeme la jiji la Austin, walio nje ya jiji hilo walifanya hivyo bei ilipopandishwa 2012, na mwaka uliofuata wakapata nafuu kwa maafikiano.