Kabla ya kufunga sola, kusanya risiti za LUKU

Watu wakishajua kwamba mimi ni injinia wa umeme na nafundisha ufundi, swali huwa ni lile lile, iwe harusini au msibani: "Nikifunga sola, nitaachana na LUKU?" Yaani ataachana na umeme wa kulipia kabla wa TANESCO, shirika la umeme la Tanzania. Zamani nilikuwa najibu kwa maelezo marefu ya wati na volti mpaka mtu anajuta kuuliza. Siku hizi namrudishia swali: ukinunua umeme wa elfu kumi, unapata uniti ngapi?

Akisema 28, tunavuta viti tuongee. Akisema zaidi ya 70, namwambia aendelee kula pilau, maana huyo hana haja ya sola ya kupunguza gharama. Akikaa baadaye akauliza kwa nini, ndipo tunatoa kalamu.

Mteja wa TANESCO aliye kwenye D1, ile bei ya watumiaji wadogo, analipa shilingi 100 kwa uniti, yaani kilowati 1 ikiwaka saa nzima, mpaka uniti 75 kwa mwezi. Weka juu yake VAT asilimia 18, REA (umeme vijijini) asilimia 3 na EWURA (mdhibiti wa nishati) asilimia 1, unapata shilingi 122. Mteja wa T1, bei ya watumiaji wa kawaida, ambao ndio wengi mijini wenye friji, pasi na feni kila chumba, analipa 292, na makato yale yale yakiingia inakuwa 356. Kwa hiyo jirani wawili wanaotazamana mlango kwa mlango, wanaovuta umeme kwenye nguzo moja, mmoja anaweza kuwa ananunua uniti kwa bei karibu mara tatu ya mwenzake. Mtu asiyejua yuko upande gani hawezi kujua kama sola inamlipa, hata muuzaji awe mwaminifu namna gani.

Tuchukue wa D1. Akitumia uniti zake zote 75, mwezi unamtoka shilingi 9,150. Mwaka mzima ni 109,800. Hapo ndipo mwisho wa akiba yake. Sola yoyote atakayofunga, hata ishushwe na malaika, haiwezi kumwokolea zaidi ya hiyo laki na kitu kwa mwaka, kwa sababu hana matumizi mengine ya kuokoa. Fundi akimpigia hesabu ya milioni 2, atahitaji miaka 18 kurudisha pesa, na kabla haijafika atakuwa ameshabadilisha betri zaidi ya mara moja. Mtu wa namna hii nikimwona na sola mpya juu ya bati huwa natamani kujua nani alimshauri.

Yupo wa D1 mmoja ambaye hesabu yake inageuka. Ni yule anayecheza karibu na mstari. Uniti ya 76 haiuzwi kwa 100, inauzwa kwa 350, na pamoja na makato ni 427. Na ukizoea kuvuka unaweza kuhamishiwa T1, ambako hata zile uniti 75 za kwanza zitakugharimu shilingi 26,700 badala ya 9,150. Familia iliyokuwa inatumia uniti 65 ikinunua jiko la presha la umeme, kama serikali inavyohimiza kwenye nishati safi ya kupikia, inaweza kujikuta imevuka bila kujua. Mtu kama huyu, paneli moja ya kuendesha taa, feni na televisheni inaweza kumshikilia chini ya 75, na shilingi anayookoa pale ni nzito kuliko ya T1. Lakini kabla hajanunua paneli, abadilishe balbu zote ziwe LED na apige pasi nguo za wiki nzima kwa mkupuo mmoja. Hiyo ni bure, au karibu na bure.

Sasa turudi kwa wa uniti 28, yaani wa T1.

Jua la kwetu halina ubishi. Tanzania inapata kati ya uniti 4 na 7 za nishati kwa kila mita ya mraba kwa siku, na Dodoma na Singida wako upande wa juu. Paneli za kilowati 1 juu ya nyumba ya Dar es Salaam, ukitoa joto, vumbi na hasara za njiani, zitakupa kama uniti 4 kwa siku. Kwa mwaka ni zaidi ya uniti 1,400, na kwa bei ya T1 ni kama laki 5. Paneli yenyewe ikiwa halisi hufanya kazi miaka 25, ikichakaa kidogo sana kila mwaka. Hadi hapo biashara inavutia, na wauzaji wengi huishia hapo.

Tatizo ni kwamba umeme huo unatoka saa 3 asubuhi hadi saa 10 jioni, wakati baba yuko kazini, watoto wako shule na nyumbani kuna friji na dada anayefua. Umeme unaohitajika zaidi ni wa saa 1 usiku. Ili uuvushe kutoka mchana hadi usiku unahitaji betri, na pesa nyingi za sola huishia kwenye betri.

Chukua betri ya kawaida ya maji au jeli, volti 12, Ah (ampea kwa saa) 200. Kwenye karatasi inabeba uniti 2.4. Ila betri ya aina hii ukiimaliza yote unaiua, kwa hiyo unatumia nusu: uniti 1.2. Ikikuvumilia mizunguko 700 ya kujazwa na kutumiwa, ambayo ni kama miaka miwili ya kutumika kila usiku, itakuwa imepitisha uniti 840 maisha yake yote. Tuseme uliinunua laki 6. Gawanya: shilingi 714 kwa kila uniti, na hapo sijaweka paneli, inveta (kifaa cha kugeuza umeme wa paneli au betri uwe kama wa ukutani) wala ujira wa fundi. Unalipa mara mbili ya LUKU kwa ajili ya kuhifadhi tu. Lithiamu ni habari nyingine. Ile ya volti 12 na Ah 100 inakupa uniti 1 ya kutumia bila wasiwasi, na ikiwa nzima inaenda mizunguko 4,000. Hata ukiinunua milioni, kila uniti inayopita humo imekugharimu 250. Ni nafuu kubwa, lakini bado ujumlishe paneli na inveta, na unajikuta uko karibu na ile 356 uliyokuwa unaikimbia. Kwa hiyo anayekwambia ung'oe mita ya LUKU ukae na sola peke yake mjini anakuuzia mzigo wake.

Njia inayolipa ni kutumia jua wakati lipo. Nitakupa mfano wa mama mmoja jirani yangu anayeuza barafu za ubuyu na maji ya kandoro. Friza lake linakula kama uniti 3 kwa siku, yaani zaidi ya shilingi 1,000 za T1 kila siku ya Mungu. Alikuja na bei aliyopewa na muuzaji: paneli, inveta na betri mbili kubwa. Nilimwambia afute betri. Friza lenyewe ni betri. Analijaza asubuhi, linagandisha kwa nguvu mchana kwa umeme wa jua, na usiku barafu inashikilia ubaridi, mota inaamka mara chache. Inveta tuliyomfungia inachanganya: inachukua kwanza cha juani, kikipungua inachota kwa TANESCO. Akipata uniti 2 kati ya 3 kutoka kwenye bati, ni karibu shilingi 260,000 kwa mwaka. Mtambo wa milioni 1 na laki 3 unajilipa ndani ya miaka mitano, na paneli bado ina ishirini mbele.

Tangi la maji nalo ni hivyo hivyo. Mwenye kisima anayepampu usiku kwa sababu "ndipo kuna utulivu" ahamishie saa 5 asubuhi, maji yatakaa juu ya mnara yakimsubiri. Cherehani ya umeme, saluni, mashine ya kukoboa, duka la vinywaji, shule, zahanati: shughuli zote za mchana ndizo rafiki wa sola. Nyumba ya mtumishi anayetoka alfajiri na kurudi jua limezama inapata kidogo.

Hapo kuna jambo moja la kiufundi lisikupite. Paneli zikitoa umeme mwingi kuliko unaotumia, ziada hutaka kutoka nje kwenda kwenye nguzo. Mita za malipo ya kabla za aina nyingi hazitofautishi umeme unaoingia na unaotoka, kwa hiyo zinakukata uniti kwa umeme uliowapa wewe! Inveta lazima ipangwe isitoe kitu nje, na TANESCO wajue unachokifunga. Wengine hushangaa pia kwamba umeme ukikatika saa 6 mchana, jua likiwaka, nyumba nayo inazima. Inveta isiyo na betri na inayofanya kazi pamoja na gridi, yaani umeme wa nguzo, imetengenezwa izime yenyewe, ili isimuue fundi aliyepanda nguzo akijua waya umekufa.

Kukatika kwa umeme, kwa kweli, ndiko kunakowauza wengi sola kuliko bei. Mgao wa mwishoni mwa 2023 bado tunaukumbuka. Tangu hapo Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji limewashwa, mashine 9 za megawati 235 kila moja, jumla 2,115, na tatizo la uzalishaji limepungua sana. Lakini umeme kuwepo Rufiji hakumsaidii mtu ambaye tawi la mwembe limelalia waya wa mtaani kwake. Huyu asiipime sola kwa shilingi 356. Aipime kwa kijenereta. Lita moja ya petroli kwenye kijenereta kidogo hutoa kama uniti 2. Lita ikiwa 3,000, uniti ni 1,500, bila kuhesabu kelele. Mbele ya bei hiyo hata betri ghali inaonekana mali.

Ila nitasema jambo ambalo wauza paneli hawalipendi: kwa kukatika kwa saa tatu nne, huhitaji paneli. Betri ya lithiamu na inveta, ikichajiwa na LUKU ile ile, itawasha taa, feni, televisheni na intaneti. Ni kama wati 150, na kwa saa 4 ni uniti 0.6. Anza hapo. Paneli utaongeza ukipata pesa, mradi inveta uliyonunua ina mahali pa kuzipokea.

Kijijini hesabu ni fupi zaidi. Kama nguzo iko karibu, kuunganishiwa kwa shilingi 27,000 kunashinda sola yoyote. Kama nguzo iko bonde la pili, sola haina mshindani. Mama yangu alichukua mtambo wa taa nne na redio kwa malipo ya kila siku kwa simu, kampuni siitaji. Nilipokaa kujumlisha nikakuta amelipa karibu mara mbili ya bei ya dukani, nikaanza kulalamika. Akaniuliza kama siku ile nilikuwa na hiyo pesa taslimu ya kumpa. Nikanyamaza. Lakini wewe unayeweza kuchanga kwenye kikoba ukanunua mara moja, fanya hivyo.

Ndugu zetu wa Kenya wasisome hesabu hizi kama zao. Huko uniti kwa mtumiaji wa kawaida, kodi zikiingia, huvuka shilingi 20 za Kenya, na Sheria ya Nishati ya 2019 imeweka mlango wa mwenye sola kuhesabiwa ziada anayorudisha kwenye gridi. Paneli ile ile inaweza kumlipa mtu wa Nakuru mapema kuliko wa Morogoro.

Kuhusu kununua, nina machache. Paneli bora ya sasa hutoa kama wati 200 kwa mita ya mraba. Ukionyeshwa "wati 300" unayoweza kuibeba kwapani kama ubao wa kufulia, hiyo stika inasema uongo, weka chini. Paneli iachiwe nafasi kati yake na bati hewa ipite, kwa sababu bati la saa 7 mchana linaweza kufanya paneli ifike nyuzi 60, na joto hilo linakula zaidi ya sehemu moja ya kumi ya umeme wako. Ielekee kaskazini kwa mwinamo mdogo, nyuzi 10 hadi 15, ili mvua iioshe. Na kivuli: mnazi mmoja ukipita juu ya kona ya paneli unaweza kuangusha safu nzima, kwa kuwa zimefungwa mfululizo kama watu walioshikana mikono kwenye foleni.

Fundi akija kukupigia bei, kabla hajapanda juu mpe risiti zako za LUKU za miezi mitatu na umuulize: katika uniti hizi, ngapi utaniondolea, za mchana au za usiku, na betri hii nitainunua tena mwaka gani? Akichukua karatasi na kuanza kuandika, mpikie chai. Akikwambia "usiwe na shaka, hii inawasha kila kitu", mpe nauli.