Mwacheni akosee, nilione kosa lake

Juma lililopita niliwapa watoto wangu wa Darasa la II maswali matano ya kutoa wakafanyie nyumbani. Swali la tatu lilikuwa 52 − 27. Asubuhi yake, wenzangu wakiwa nje wanasimamia usafi, nilikaa na rundo la madaftari, na mawili yakafuatana. La kwanza lina jibu 25. Ile mbili imeandikwa kwa mbwembwe, ina kitanzi chini, kama wanavyoandika watu wa stoo wanaojaza leja. Mtoto wa miaka saba haandiki hivyo hata umlipe. La pili lina jibu 35, namba zimelala upande, karatasi imekaribia kutoboka kwa kufutwafutwa.

La kwanza nikaweka vema, la pili nikaweka kosa. Lakini lililonifaa ni hilo la pili.

Itazameni hiyo 35. Mtoto ameanza kwenye mamoja, akakuta 2 juu na 7 chini. Akaona 2 haitoshi, basi akageuza: 7 toa 2, 5. Akahamia kwenye makumi: 5 toa 2, 3. Kumbe kutoa anakujua vizuri tu. Asichokijua ni kukopa. Haoni kwamba ile 5 ni mafungu matano ya kumi kumi, na kwamba fungu moja linaweza kufunguliwa. Siku hiyo wenzake wakinakili zoezi, nilimwita mezani nikampa mafungu matano ya vijiti yaliyofungwa kwa raba, na vijiti viwili pembeni. "Nipe saba." Akavitazama vile viwili, akanitazama mimi, akarudi kwenye mafungu. Nikanyamaza. Baada ya muda mkono ukaenda wenyewe kwenye raba.

Yule wa 25 sikumwita. Ningemwita kwa lipi, amepata vyote vitano? Atapanda hivyo hivyo hadi Darasa la III, akutane na 402 − 178, na nyumbani washangae mtoto aliyekuwa anapata vyote amepatwa na nini.

Wazazi wengi hawajui kwamba daftari ni njia yangu ya kuongea na mtoto mmoja mmoja. Kiwango cha serikali ni wanafunzi 45 kwa mwalimu mmoja wa shule ya msingi. Mimi idadi hiyo naisoma kwenye nyaraka tu. Tangu elimu bila malipo ilipoanza, Januari 2016, watoto waliokuwa wanabaki nyumbani wamekuja, na ni jambo jema, ila darasani kwangu wanakaa tisini na kitu. Siwezi kumkalia kila mmoja nimsikilize anavyofikiri. Kosa lake kwenye daftari ndilo linaloniambia. Mzazi akilifuta kabla halijanifikia, amenifumba macho, tena kwa nia njema.

Nia njema nimesema kwa makusudi, maana sitaki kuwalaumu watu bure. Mama anashuka daladala saa mbili usiku, ugali bado, mtoto anasinzia juu ya daftari. Kuandika 25 ni sekunde mbili. Na tusifichane: wako walimu wenzangu wanaompiga mtoto aliyekosea kazi ya nyumbani, au wanamsimamisha mbele ya wenzake. Mzazi anayejua hilo ataandika jibu, na mimi ningekuwa yeye ningeandika. Kwa hiyo mwenye kuanza kubadilika ni mwalimu. Kazi ya nyumbani iliyokosewa haiadhibiwi. Kwangu ni marufuku, na kwenye kikao cha wazazi nalisema wazi ili walisikie na kunishika nalo.

Kundi la WhatsApp la darasa nalo lina mambo yake. "Jamani la nne mmepata ngapi?" Majibu yanaanza kumiminika, watu wazima kumi na tano wanabishana juu ya swali la mtoto, na mwenyewe kalala.

Sasa hili la hofu. Kuna wazazi ambao ukiwatajia KDS na KKS, yaani kigawe kidogo cha shirika na kigawo kikubwa cha shirika, wanakumbuka fimbo kabla hawajakumbuka hesabu yenyewe. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago, akiwemo Erin Maloney na Sian Beilock, walichapisha walichokiona kwa watoto wa madarasa mawili ya mwanzo kule Marekani. Mzazi mwenye hofu ya hesabu akimsaidia mwanawe mara kwa mara kazi za nyumbani, mtoto anajifunza hesabu kidogo zaidi mwaka ule, na hofu inamwingia na yeye. Kwa wazazi wenye hofu hiyo hiyo lakini wasiosaidia mara kwa mara, hayo hayakuonekana. Niliposoma hayo nilijisikia vibaya, maana mimi ni mwalimu wa Hisabati, hesabu siziogopi, na bado nilishamliza binti yangu kwa jedwali la saba. Nilimwambia, "Si nimekufundisha jana?" Akafuta, akaandika, akafuta, mpaka ukurasa ukachanika. Saba mara nane sidhani kama aliijua usiku ule. Alichojua ni kwamba mama akikaa karibu na daftari, sauti inapanda. Ilinichukua muhula mzima kulirekebisha.

Kwenye kusoma nako tunagongana bila kujua. Wengi wenu mlianza na majina ya herufi. Mtaala wa KKK (Kusoma, Kuandika na Kuhesabu) wa Darasa la I na II ulioanza 2015 uliweka mkazo kwenye sauti za herufi: mtoto anaifunga midomo anasema "mmm", anaiunganisha na "a", anapata "ma". Akifika nyumbani anaambiwa "emu, a, ma." Nimewahi kuletewa mtoto aliyelisoma neno "mama" hivi: "emua-emua". Alikuwa anatii watu wote wawili, mwalimu na baba. Kama hujui shuleni wanafundishwaje, mwambie mtoto akuonyeshe. Watoto wanapenda sana kumfundisha mtu mzima, na wewe utajua kama ameelewa au amekariri. Kama una wasiwasi kwamba anakariri ukurasa, funika picha kwa kiganja, kisha mwoneshe kidole neno la mwisho la sentensi, halafu la katikati. Aliyekariri atarudi mwanzo wa sentensi aimbe yote mpaka alifikie.

Kuhusu wingi wa kazi, nitasema kifupi kwa sababu najua kuna shule zinazojivunia kumrundikia mtoto kurasa nane kila siku. Harris Cooper wa Chuo Kikuu cha Duke alichambua pamoja na wenzake tafiti za Marekani za kuanzia 1987 hadi 2003. Uhusiano wa kazi za nyumbani na matokeo ulionekana zaidi sekondari. Kwa watoto wadogo ulikuwa hafifu. Kipimo anachokiunga mkono ni dakika kumi kwa kila darasa, yaani Darasa la II dakika ishirini. Mtoto wako akizidisha hapo kila siku, funga daftari, niandikie. Sitachukia.

Mzazi mmoja anayefanya vile ninavyotaka hajui kusoma. Ni bibi anayelea mjukuu wake, anauza mihogo ya kukaanga karibu na kituo cha daladala. Jioni mtoto anakaa kwenye kigoda pembeni ya karai anamsomea. Bibi anageuza mihogo na kuitikia, "Ehe, halafu?" Asipoelewa anasema, "Hapo rudia, sijaelewa," na mtoto analazimika kusoma tena polepole, mara nyingi anajisahihisha mwenyewe. Hesabu wanafanya kwa vizibo vya soda. Jibu hampi, kwa sababu hata yeye hana uhakika nalo, na hilo ndilo linalomsaidia mtoto kuliko anavyodhani.

Muhula uliopita alikuja mwenyewe mpaka mlango wa darasa, kanga bado ina unga. Akanisalimia, akasema, "Mwalimu, hizi mbili za mwisho kaziacha. Tumehangaika nazo mpaka mshumaa umeisha, anasema hazijui. Nimemwambia asiandike uongo, nitakuja kukuambia." Nikalifungua daftari. Maswali matatu yamefanywa, mawili yapo wazi, na kwenye nafasi ya la nne kuna vijiduara vidogo thelathini na kitu vimechorwa kwa penseli, vimeishia njiani. Nilivihesabu. Alikuwa ameshakaribia.